Mjadala: Je, Taasisi za Lubumbashi Zitumie Fedha za Umma Kununua Visanduku vya Kijeshi vya Kusimba Data?

Mtoa mada (Lubumbashi)

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo kwa sasa linaamuliwa ndani ya ofisi zilizofungwa, ingawa fedha zitakazolipwa ni zetu sote. Wauzaji wanapita katika ofisi za Leta (serikali), benki na sosiete za madini wakiwa na kisanduku cha chuma cha kusimba data, yaani kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo ambao ni namba ya siri; wanakiita cha kiwango cha kijeshi, na wanaeleza kwamba bila kisanduku hicho kila data inayotoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, Kinshasa au ng'ambo ya Kasumbalesa itasomwa na yeyote aliyekaa njiani. Hofu hiyo si ya bure. Data zetu hurushwa kwa redio kutoka mnara hadi mnara, hupanda setilaiti, hupita kwenye fiba inayovuka mpaka kuingia Zambia, na mtu mwenye vifaa anaweza kuzinasa bila sisi kuhisi lolote. Kwamba ni lazima tusimbe, sina ubishi. Ninalobishia ni kununua kwa bei kubwa kifaa ambacho hakuna Mkongomani atakayeruhusiwa kukichunguza ndani, na ambacho funguo zake zinatengenezwa na yule yule aliyekiuza.

Kwa wasiokijua, kisanduku hiki hufungwa kimoja katika kila mwisho wa njia, kati ya rauta na modemu. Upande ambao mafundi huuita mwekundu huingia data inayosomeka, na upande wanaouita mweusi hutoka data iliyokwisha kusimbwa. Ufunguo huletwa na mtu, katika kifaa kidogo cha mkononi, ukapakiwa pande zote mbili. Kuna kitufe cha kufuta funguo zote mara moja, na mfuniko ukifunguliwa kwa nguvu, kisanduku hujifuta chenyewe. Ni kazi nzuri ya uhandisi na siidharau.

Lakini maneno «kiwango cha kijeshi» yanauza zaidi kuliko yanavyoeleza. Mara nyingi muuzaji anamaanisha AES yenye ufunguo wa biti 256, yaani tarakimu 256 za sifuri au moja. Njia hiyo ya kusimba ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikashinda shindano la wazi lililokuwa na washindani 15, na mwaka 2001 Marekani ikaitangaza kuwa kanuni rasmi. Mwaka 2003 serikali hiyo hiyo iliiruhusu kulinda hata siri zake za daraja la juu kabisa. Ni kanuni iliyochapishwa, kila mwanafunzi wa chuo anaweza kuisoma, na iko tayari ndani ya WhatsApp unayoitumia kumwandikia shangazi yako. Hakuna haja ya kulipia mara ya pili kitu ambacho kimo mfukoni mwetu.

Sisi wa Katanga tunapaswa kulikumbuka jambo hili kuliko wengine. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961 ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, akiwa njiani kwenda kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga. Ujumbe wake wa siri ulikuwa ukisimbwa kwa mashine iitwayo CX-52, iliyotengenezwa na kampuni ya Boris Hagelin huko Uswisi. Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania, aliyepewa na Umoja wa Mataifa kazi ya kupitia upya habari za kifo hicho, ameandika kwamba inaelekea mawasiliano ya mashine hiyo yalikuwa yakinaswa na kusomwa na idara za ujasusi za nchi kubwa. Kampuni hiyo ya Hagelin ndiyo Crypto AG. Kuanzia 1970 ilimilikiwa kwa siri na idara mbili za ujasusi, CIA ya Marekani pamoja na BND ya Ujerumani. Wajerumani walijitoa 1993, na mambo yote yalifichuliwa Februari 2020 na gazeti la Washington Post pamoja na televisheni za ZDF na SRF. Nchi zaidi ya 120 zililipia mashine zile kwa fedha zao wenyewe ili zisikilizwe. Zilidhani zimenunua usiri.

Ndiyo maana nasema kwamba fedha ya kwanza iende kwa watu, yaani mafundi wetu wanaojua kutengeneza funguo, kuzibadilisha na kuzitunza, na kisanduku kije baadaye, kama kitahitajika.

Mhandisi wa minara (Likasi)

Ndugu mtoa mada, historia uliyoileta ni ya kweli, lakini umeitumia kubebesha kila kifaa dhambi ya kampuni moja. Mimi nimepanda minara ya redio kati ya Likasi na Kolwezi kwa miaka mingi, na nitakueleza kwa nini programu ya kusimba peke yake, bila kisanduku, hainiridhishi.

Programu ya kusimba hukaa ndani ya kompyuta au rauta ambayo ina mambo mengine mia. Rauta ikiingiliwa, ufunguo umo humo humo kwenye kumbukumbu yake na mwingiliaji atauchukua. Kisanduku cha pekee hufanya kazi moja tu, na ufunguo hautoki ndani ya chipu yake kwa njia yoyote ya kawaida. Tena, njia ya mnara kwa mnara ikisimbwa na kisanduku tangu tabaka la chini kabisa, pale biti zenyewe zinaporushwa, msikilizaji huona mkondo usiokatika wa biti zisizo na maana, usiku na mchana, hata wakati hakuna mtu anayetuma kitu. Hawezi kujua ni saa ngapi ofisi ya mauzo ya kobalti imeanza kuzungumza na mnunuzi. Programu kama WireGuard, ambayo naiheshimu na ambayo tangu Machi 2020 imo ndani ya mfumo wa kompyuta wa Linux wenyewe, huficha maneno, lakini haifichi kwamba kuna mazungumzo, wala ukubwa wake, wala anwani za sehemu mbili zinazozungumza. Katika biashara ya madini, kujua nani amezungumza na nani na lini ni nusu ya habari.

Kisha kuna kibanda cha mnara. Ndugu, wewe uko mjini. Kibanda cha mnara porini kina mlinzi mmoja, jenereta, na kufuli. Mtu akivunja na kubeba rauta ya kawaida, amebeba na funguo zako. Akibeba kisanduku kinachojifuta, amebeba chuma.

Mhasibu (komine ya Kampemba)

Mimi si fundi, ni mama wa mahesabu, nanyi wanangu mnisamehe. Kaka mhandisi anazungumza juu ya sosiete za madini, na sosiete inunue inachotaka kwa fedha yake. Mada inahusu fedha za umma. Katika ofisi ninayoijua, umeme wa SNEL ukikatika, seva huzimika kwa sababu betri zimekufa na hakuna aliyeziandikia bajeti. Kifaa cha aina hii huja na mkataba wa matengenezo wa kila mwaka, unaolipwa kwa dola, na fundi wake hutoka nje. Mwaka ambao mkataba hautalipwa, kitafanywa nini? Nimeona jibu lake kwa macho yangu: watu hukichomoa, wakaunganisha waya moja kwa moja, na kazi ikaendelea bila usimbaji wowote huku wakubwa wakiamini kwamba bado wanalindwa.

Mchangiaji kutoka Bukavu

Mama, unasema kweli, lakini niruhusu niongeze yaliyotufika huku. Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Watu waliondoka ofisini wakiacha kompyuta mezani. Katika hali kama hiyo, kitufe cha kufuta funguo si anasa ya wanajeshi. Shirika linalotunza majina ya wagonjwa, ya mashahidi au ya wanawake waliobakwa linakihitaji pengine kuliko jeshi.

Hata hivyo nakubaliana na mtoa mada kuhusu siri ya ndani ya vifaa. Tazameni redio za TETRA, ambazo polisi na viwanja vya ndege katika nchi nyingi huzitumia. Njia zake za kusimba zilifichwa tangu miaka ya 1990, na mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walipozifungua walikuta kwamba moja kati yake, TEA1, ile iliyowekwa kwa ajili ya biashara na mauzo ya nje, ilitangazwa kuwa na ufunguo wa biti 80 lakini ndani ulikuwa unapunguzwa hadi biti 32. Kompyuta ya kawaida huuvunja kwa muda mfupi sana. Hilo halikuwa kosa la bahati mbaya. Mnunuzi wa nje alipewa kifaa hafifu kwa makusudi, naye hakuwa na njia ya kukigundua, kwa sababu aliambiwa kwamba usiri wa kanuni ndio usalama wake.

Mtoa mada

Ndugu wa Bukavu, umenigusa, na jambo la kitufe cha kufuta nalichukua kwa uzito wote. Nakubali kwamba kuna mahali ambapo kisanduku kinahitajika: mnara wa porini, ofisi iliyo karibu na vita, na njia ambayo hata wakati wa kutuma ni siri. Kaka mhandisi amelieleza hilo vizuri kuliko mimi.

Lakini tusimame kidogo kwenye funguo, kwa sababu hapo ndipo ninapoona hatari kubwa na ndipo tunapozungumza kidogo mno. Tangu 1883 Auguste Kerckhoffs alikwisha kuandika kwamba mfumo wa kijeshi wa kusimba usidhurike hata ukianguka mikononi mwa adui. Siri yote iwe katika ufunguo. Sasa tazameni ufunguo unaishi vipi kwetu. Katika chumba kimoja cha mitambo hapa mjini, ambacho sitakitaja, nilioneshwa kisanduku cha bei kubwa, kilichofungwa kwa skrubu maalumu na lakiri ya kiwanda ikiwa haijaguswa. Juu ya mlango wa kabati lake ilibandikwa karatasi yenye nywila ya msimamizi, na chini yake tarehe ambayo ufunguo ulipakiwa, tarehe ile ile kilipofungwa. Ulikuwa haujabadilishwa tangu hapo. Fundi aliyekuwa zamu hakuwa na hatia: hakuna aliyemfundisha kuubadilisha, na kifaa cha kupakia kilikuwa kimerudi na muuzaji.

Wakubwa wenyewe wameumizwa hapo hapo. Mwanamaji wa Marekani, John Walker, alianza mwishoni mwa 1967 kuwauzia Wasovieti karatasi za funguo za mashine za jeshi lake, na hakukamatwa hadi 1985. Kwa miaka hiyo yote mashine zilifanya kazi yake bila kasoro. Hazikuwa na namna ya kujua kwamba mtunza funguo ana deni.

Mwanasheria (Lubumbashi)

Naomba niingilie upande wa sheria, kwa kifupi. Muuzaji anapoleta kifaa cha namna hii, nchi yake mara nyingi imeshampa kibali cha kukiuza nje. Nchi 42 zilizo katika Makubaliano ya Wassenaar zinakubaliana kudhibiti usafirishaji wa vifaa vya usimbaji, na katika Afrika yote ni Afrika Kusini tu iliyo mwanachama. Maana yake ni kwamba kuna mtu huko nje aliyekwisha kuamua kifaa hiki kinafaa kutufikia, na sisi hatujui alipima nini. Kwetu kuna sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, na kuna ARPTC inayosimamia mawasiliano. Ofisi ya umma inayonunua bila kuuliza vyombo hivyo inajiweka pabaya, hata kama nia yake ni njema.

Nina wasiwasi mwingine ambao hamjaugusa. Kisanduku kinachoficha kila kitu kinaweza pia kumficha mwizi wa mali ya umma. Ni nani, ndani ya Leta yenyewe, atakuwa na haki ya kuona kumbukumbu ikiwa kuna uchunguzi?

Mtoa mada

Mwanasheria, kisanduku hulinda data ikiwa njiani tu. Ikifika upande mwekundu inasomeka, na mkaguzi ataikuta kwenye seva kama kawaida, mradi sheria imempa nafasi ya kuingia. Kwa hiyo nisingependa mtu yeyote aombe mlango wa siri ndani ya usimbaji, yaani njia ya kusoma data bila ufunguo, kwa sababu ya ukaguzi. Mlango huo ndio uliowaponza wateja wa Crypto AG.

Naweka basi masharti ambayo ningetaka kuyaona katika kila tangazo la zabuni. Kanuni ya kusimba iwe ile iliyochapishwa na kuchunguzwa hadharani. Funguo zitengenezwe hapa, na watumishi wetu, kwa kifaa ambacho muuzaji hakigusi tena baada ya kukikabidhi. Angalau watu wawili wafundishwe na walipwe vya kutosha, na ufunguo usipakiwe na mtu mmoja peke yake. Mwisho, kisanduku kimoja kati ya vilivyonunuliwa kipelekwe chuo kikuu, kifunguliwe mbele ya mashahidi na kuchunguzwa hadi kwenye chipu, na muuzaji akikataa sharti hilo aondolewe kwenye orodha.

Mhandisi wa minara (Likasi)

Masharti yako ya mwanzo nayakubali, ndugu, na hilo la watu wawili nitalipeleka kazini kwangu wiki hii. Hilo la mwisho nalikataa bado. Kuichunguza chipu hadi ndani kunahitaji darubini ya elektroni na miaka ya ujuzi, na sijaona maabara ya namna hiyo mjini kwetu. Tukiandika sharti tusiloweza kulitekeleza, muuzaji atalikubali huku akicheka, tutafungua mfuniko, tutapiga picha, na tutatia sahihi karatasi inayosema tumechunguza. Ningeona afadhali tununue visanduku vya watengenezaji wawili wa nchi zisizopatana, tuviweke kimoja nyuma ya kingine kwenye njia moja, kila kimoja na ufunguo wake. Gharama itaongezeka karibu mara mbili, najua. Mama wa mahesabu atuambie kama inawezekana kwa njia tatu au nne zilizo nyeti zaidi, na zilizobaki tuziachie programu.

Mhasibu (komine ya Kampemba)

Nileteeni orodha ya hizo njia tatu au nne, na bei ya betri mziweke humo humo.