Makala ya Emily Short imefutwa eti "hana umaarufu". Hana umaarufu kwa nani?

Wakuu salaam. Niko Tanga, Ngamiani, na leo nimechukia haswa kwa hiyo mnivumilie, uzi mrefu. Mods naomba msiuhamishie jukwaa la magemu, hili ni suala la fasihi.

Kuna kamusi elezo moja ya mtandaoni, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuandika, siitaji jina wahusika wanajijua. Nikakaa nikaandika makala ya Kiswahili kuhusu Emily Short, mwandishi wa hadithi za kucheza kwenye kompyuta, nikaweka miaka, nikaweka tanbihi, kila kitu. Makala haijakaa sawa admin mmoja kaja kabandika kigezo cha kufuta na sababu yake maneno mawili, "hana umaarufu", yaani eti hajaandikwa vya kutosha na vyanzo huru kama magazeti. Nikamjibu kwa adabu kabisa, hoja kwa hoja. Hajagusa hoja hata moja, kafuta. Yaani kafuta tu!

Wasiozijua hizi hadithi niwaeleze kidogo. Picha hamna. Unasoma, unaambiwa uko mahali fulani na mbele yako kuna hiki na kile, halafu wewe ndo unaandika unataka kufanya nini, chukua taa, fungua mlango, nenda kaskazini, na hadithi inakwenda kwa ulichoandika. Will Crowther wa Marekani, mwanaprogramu aliyekuwa anapenda kuingia mapangoni, ndo alianza na hadithi ya pango miaka ya 70, Don Woods akaipanua 1977 (watu wa mapango ya Amboni mngeielewa haraka sana hiyo). 1979 ikaanzishwa kampuni ya Infocom, ikaziuza hizi hadithi kweli kweli, lakini kufika 1989 imefungwa, watu washahamia kwenye magemu ya picha.

Na hapo ndipo huyo admin hataki kuelewa. Biashara ilipokufa hadithi hazikufa, wapenzi wake wakazibeba wenyewe. Graham Nelson wa Uingereza 1993 akatoa Inform, programu ya kuzitungia, akaitoa bure. 1995 yakaanza mashindano ya kila mwaka, IFComp, ambayo jaji ni mchezaji yeyote aliyecheza angalau hadithi tano. Zikaja tuzo za XYZZY, wanazopigia kura wapenzi wenyewe wa hadithi hizi, kwa kazi za kuanzia 1996. Sasa jiulizeni, kitu kinachogawiwa bure nani atakilipia tangazo? Gazeti gani litatuma mwandishi? Magazeti yanafuata penye hela, halafu mtu anakuja kutumia ukimya wa magazeti kama ushahidi kwamba kazi haina thamani. Hii haki iko wapi jamani?

Huyo Emily Short wanayesema hajulikani alitoa hadithi yake ya Galatea mwaka 2000. Uko mbele ya sanamu la mwanamke, sanamu lina uhai, na kazi nzima ni mazungumzo baina yenu. Unachomuuliza, na umeanza na lipi ukamalizia na lipi, ndo kinabadilisha moyo wake, na miisho iko mingi sana. Mimi niliirudia na kuirudia, na kila nikienda njia nyingine nakutana na mtu mwingine ndani ya sanamu lile lile. Ilipotoka Inform 7 mwaka 2006, ile ambayo unatunga kwa sentensi za kawaida za Kiingereza badala ya alama za kikompyuta, mifano mingi ya kufundishia ameandika yeye. 2012 akatoa hadithi nyingine, Counterfeit Monkey. Na mwaka ule ule wa Inform 7, 2006, Galatea iliingizwa kwenye juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wa fasihi ya kielektroniki, umehaririwa na watu wa fasihi, si mashabiki wake, si ndugu zake. Hicho si chanzo huru ni nini? Nilikiweka kwenye tanbihi, hakukifungua hata.

Halafu kuna mwingine akadakia eti "tuzo za wao kwa wao hazihesabiki". Kaka, wewe Mswahili kweli? Gazeti la Mambo Leo lilipoanza 1923 malenga walikuwa wanajibizana humo kwa mashairi, na Shaaban Robert wetu wa hapa hapa Tanga mashairi yake yalipita humo. Nani alikuwa anampima mshairi kama si washairi wenzie? Ukitunga shairi bovu ulijibiwa na wanaojua vina na mizani, si mtu wa pembeni. Leo wanaojua hadithi za kucheza wakisema huyu ni bingwa wetu, tunaambiwa hao hawahesabiki, tusubiri mtu asiyejua chochote aje athibitishe.

Na msiniambie kanuni haikosei. Mei 2018 kamusi elezo ya Kiingereza ilikataa makala ya mwanafizikia Donna Strickland kwa sababu hizi hizi za vyanzo, Oktoba ya mwaka huo huo akapewa Nobel ya fizikia. Alikuwa profesa mshiriki wa chuo kikuu, utafiti wake uliompa Nobel ni wa 1985! Kwa hiyo miaka yote hiyo kazi ipo, kilichokosekana ni mtu wa kuiandika gazetini.

Sipingi kuwe na kipimo, nakubali kabisa, bila kipimo kila mtu atajiandikia makala yake na ya shemeji yake. Ninachopinga ni mtu kufuta bila kusoma.

NAONGEZA: kuna aliyejibu hapo chini "Waswahili hawamjui, ya nini kumwandikia". Sasa watamjuaje kama kila anayeandika anafutiwa? Kamusi elezo kazi yake ni kunipa nisichokijua.

Nimeomba makala irudishwe na mjadala ufunguliwe upya. Wenye akaunti huko njooni, ila msije kupiga kura ya "ibaki" mkaondoka, njooni na vyanzo, someni Galatea kwanza, iko bure na hata kompyuta ya zamani inaibeba. Na wewe admin najua unapita humu. Nataka jibu la tanbihi ile ya 2006.