Eti bajaji ikiwa juu ya tela nayo inahesabu kilomita!

Mama Wali Buguruni:

Wakuu naandika mikono inatetemeka. Nimekata simu sasa hivi na yule bwana. Mnamjua. Yeyote aliyewahi kutuma mzigo Kanda ya Ziwa anamjua: kofia ya njano, simu tatu, kiti cha plastiki kakikalia kama jaji wa Mahakama Kuu, na ule wimbo wake wa "dada, mzigo wako ni mzigo wangu". Jina silitaji, sitaki kuitwa kituoni.

Bajaji mpya jamani. Mpya ya dukani, viti bado vina nailoni. Hela ya wali maharage hiyo, miaka mitatu nacheza vikoba viwili kwa mpigo, ili mdogo wangu Mwanza aachane na bajaji ya tajiri na kupeleka hesabu kila jioni hata siku ya mvua. Siku ya kupakia sikumtuma mtu, nilikwenda mwenyewe. Nimesimama juani kuanzia saa nne mpaka saa nane. Nikainama kwenye dashibodi nikapiga picha: kilomita 11. Kumi na moja! Ni kutoka dukani mpaka pale yadi, basi. Wakaipandisha kwenye tela kwa mbao mbili, wakaifunga kamba za manila, wakanipa karatasi. Siku tatu dada, akasema. Alhamisi mdogo wako anapakia vichwa Igoma.

Imefika leo. Siku ya TISA.

Mdogo wangu kanipigia video, nikamwambia achana na kunisalimia, nionyeshe dashibodi. Wakuu, 328. Mia tatu ishirini na nane! Nikadhani kioo cha simu kimechafuka, nikakifuta kwa kanga. 328.

Nikampigia yule bwana. Nikamuuliza kwa heshima zote, kaka, hizi kilomita 317 zimetoka wapi? Akanyamaza. Nikasikia anakunywa chai, anameza, anaweka kikombe chini. Halafu akaniambia kwa upole kabisa, kama daktari anayempa mtu majibu: "Dada yangu, bajaji ikiwa juu ya tela nayo inahesabu. Si inasafiri?"

SI INASAFIRI.

Mimi huyu? Mwanamke mzima nimelea watoto wanne, naamka saa tisa usiku kuinjika maharage, leo mtu anakunywa chai ananiambia si inasafiri? Basi nikipanda basi kwenda Mwanza nishuke soli zimeisha, kwa sababu viatu navyo si vinasafiri? Na kama inahesabu, Dar hadi Mwanza ni kilomita elfu moja mia moja na ushee. Hizo nyingine zimekwenda wapi, ililala?

Halafu sikieni. Nailoni ya kiti cha nyuma imechanwa. Vile vinywele vya mpira kwenye tairi mpya havipo hata kimoja. Chini ya madigadi kumeganda udongo mweusi, ule unaonata kama ugali wa jana. Na chini ya kiti mdogo wangu katoa ndala ya mtoto. Ya bluu, mguu wa kushoto, ukanda umeshikizwa kwa pini. Na manyoya ya kuku. Tela gani linapakia mtoto na kuku ndani ya bajaji iliyofungwa kamba?

Anameza chai, anaweka kikombe, "si inasafiri". Sitalala leo.

Kipara wa Igoma:

Weka picha ya ndala. Uzi bila picha ni umbea.

Tandiboi Mstaafu:

Pole dada. Nimekaa juu ya malori miaka kumi na mbili, nikuambie kitu kimoja. Spidomita haijui barabara, inajua gurudumu. Ule waya wake unazungushwa na gurudumu. Gurudumu likitulia juu ya mbao, hiyo bajaji ipeleke Kigali uirudishe, namba haisogei hata moja. Hiyo ya kwako imetembea kwa miguu yake.

Fundi Kisauti:

Inategemea. Wakiipakia vibaya gurudumu la mbele likaning'inia nje ya tela, upepo unaweza kulizungusha.

Tandiboi Mstaafu:

Upepo wa kilomita 317 na ndala?

Fundi Kisauti:

Nimesema inategemea.

Mama Wali Buguruni:

Kisauti usinipandishe presha. Upepo ndio ulichana nailoni? Upepo una kuku? Mtu anakunywa chai yake ananiambia SI INASAFIRI na wewe unamtafutia upepo!

Jirani wa Mbuga:

Habari za jioni wote. Huo udongo mweusi unaonata ni wa kwetu huku, njia hiyohiyo ya Mwanza, kuanzia ukishashuka mlima Sekenke mbuga yote ya Wembere mpaka Igunga ndio huohuo. Sasa dada naomba nikuulize bila ubaya. Bajaji yako ni ya bluu? Ina kibandiko cha ua jeupe kwenye kioo cha mbele, upande wa kulia?

Mama Wali Buguruni:

Ndiyo!!! Ua nililibandika mimi mwenyewe siku ya kupakia ili isibadilishwe! Umeionea wapi?

Jirani wa Mbuga:

Dada nisamehe sana. Kuna lori liliharibika hapa kwetu wiki iliyopita, likakaa kama siku nne linasubiri kifaa. Siku ya mnada tukaona bajaji mpya, viti vya nailoni, inapakia watu kwenda na kurudi mnadani. Jero tu kwa kichwa. Nilipanda mara mbili. Ilikuwa inanukia upya kabisa, hadi mama mkwe akasema hii inaendeshwa na mtu msafi.

Kipara wa Igoma:

Nimeanguka kitandani. Mama Wali kawapelekea watu wa mbuga usafiri wa jero na hajui.

Mama Wali Buguruni:

Nalia kweli sasa hivi. Siku nne! Mimi nampigia yule bwana kila asubuhi, ananiambia "dada tuko njiani, foleni ya mizani". Mdogo wangu kila jioni anakwenda Nyegezi kusimama barabarani kuangalia malori, na huku bajaji yangu inapakia kuku! Hesabu yangu ya siku nne iko wapi? Na ndala ni ya nani?

Jirani wa Mbuga:

Ndala siijui. Kuku mmoja alikuwa wa kwangu.

Dereva wa Semi:

Naomba niingie kama mtu wa kazi, maana mtatuharibia jina sote. Lori kubwa kisheria mwisho wake ni 80 kwa saa. Dar hadi Mwanza hata ukilala Dodoma ukalala na Singida, siku tatu unashusha. Siku tisa ni kuharibika au ni tamaa, na hapa naona vyote viwili.

Pili, bajaji haifungwi kamba za manila. Manila ikipigwa jua inalegea, tuta la kwanza tu mzigo unaanza kucheza, na usiku huoni. Inafungwa kwa mikanda ya kukaza, minne, kila pembe mmoja, imeshikwa kwenye chesisi. Siyo kwenye nguzo za hodi, lile turubai la juu, zile zinapinda kama jivu la sigara. Magurudumu yote matatu yanawekewa magogo mbele na nyuma. Hodi inavuliwa au inakunjwa, ukiiacha upepo wa Dodoma unaifanya bendera. Kama ni pikipiki unamkalisha kidogo kwenye shokapu za mbele halafu unakaza. Usizibonyeze mpaka chini, utapasua sili, atafika analia oili. Mafuta unayapunguza, waya wa betri unachomoa. Ukitembea kama kilomita 50 unasimama unakaza tena, kwa sababu mkanda wa kwanza lazima ulegee.

Tatu na ndilo kubwa, ufunguo anasafiri nao mwenye mali au unatumwa kwa basi. Dada, ufunguo ulimwachia nani?

Mama Wali Buguruni:

Aliniomba. Alisema watu wa mizani watataka kuiwasha.

Kipara wa Igoma:

Watu wa mizani! Wataka kuiwasha! Mizani ya Vigwaza inapima uzito mama, haipimi mngurumo.

Tandiboi Mstaafu:

Hapo dada umempa fisi bucha na kisu.

Binti wa Vikoba:

Mwacheni dada wa watu. Ninyi mkiwa na akiba ya miaka mitatu juu ya tela na mtu mwenye kofia anakuambia bila ufunguo gari litazuiwa njiani, mtaleta ubishi? Utatoa ufunguo na utatoa na soda.

Mama Wali Buguruni:

Soda pia nilitoa. Sita. Za baridi. Nawapa soda watu wanaokwenda kunifanyia biashara kwa bajaji yangu! Halafu nikiuliza, anameza chai, "si inasafiri". Nani kamfundisha huyu mtu kuongea?

Mwana wa Likoni:

Poleni ndugu zetu. Mkidhani ni nyinyi peke yenu, mimi nilipeleka tuktuk yangu kutoka Mombasa hadi Kisumu juu ya lori. Kufika, haina betri, haina spea, haina hata ile kofia ya tangi, wamechomeka gunzi la mahindi. Naulizia, naambiwa vitu vilidondoka Mai Mahiu kwa sababu ya mteremko. Betri imefungwa kwa boliti itadondokaje? Na gunzi je, nalo lilipanda lenyewe?

Kipara wa Igoma:

Gunzi! Afadhali wewe ulipewa mfuniko.

Mpare Mkali:

Nyote mnalia kitoto. Mimi nilituma pikipiki Songea kwenye buti la basi. Wakailaza. Pikipiki hailazwi jamani, labda utoe mafuta yote! Imefika saitimira hamna, klachi imekatika, petroli yote imemwagika. Nikaambiwa nilipe mimi faini kwa kuharibu mzigo wa abiria mwingine, kilo hamsini za mchele. Pikipiki ya kwangu, uzembe wa kwao, faini ya kwangu!

Nuru wa Makambako:

Samahani, huo mchele ulikuwa kwenye mfuko mweupe una mstari wa kijani? Mwaka jana mwezi wa saba?

Mpare Mkali:

Usiniambie.

Nuru wa Makambako:

Ulikuwa wa kwangu! Ulikuwa wa harusi ya dada yangu! Tuliuosha maji saba, tukauanika siku mbili, ulipopikwa ukumbi mzima ukanuka kituo cha mafuta. Bwana harusi alikula mikate. Na hiyo faini sijapata hata senti, nilidhani mwenye pikipiki ndiye mkorofi kumbe hela imeishia kwa konda!

Mpare Mkali:

Mimi nililipa! Elfu themanini, taslimu, mbele ya watu!

Binti wa Vikoba:

Kumbe wote mmeibiwa na mtu mmoja.

Mama Wali Buguruni:

Jamani poleni, lakini tulikuwa kwenye bajaji yangu. Nauliza, kesho nikienda pale yadi nianzie wapi? Nina picha ya 11, mdogo wangu ana picha ya 328, na shahidi wa kuku yuko hapahapa.

Jirani wa Mbuga:

Mimi nitasema kweli dada, hata kwa simu. Ila usinidai jero, nililipa.

Dereva wa Semi:

Nenda na karatasi yako ya kupakia, angalia kama wameandika kilomita. Kama hawakuandika, picha yako ina tarehe na saa, inatosha kuanzia. Usiende peke yako. Na bajaji isifanye kazi kwanza, mdogo wako aipeleke huduma ya kwanza, oili ya kiwandani ibadilishwe mapema. Injini mpya haitakiwi kupigishwa mnada siku nne na mtu ambaye hajui hata ya nani.

Mama Wali Buguruni:

Asante kaka. Nakwenda saa moja asubuhi, nimkute hajaagiza hata hiyo chai.

Kipara wa Igoma:

Nuru, huo mchele wa harusi ulikuwa wa wapi?

Nuru wa Makambako:

Wa Kyela. Ndiyo maana iliniuma. Ule haukuhitaji hata nazi.

Kipara wa Igoma:

Kyela mnaisifia kwa mazoea. Njooni Kahama mle mchele.

Mpare Mkali:

Kahama? Hamjala wa Magugu ninyi.

Mama Wali Buguruni:

Jamani bajaji!

Tandiboi Mstaafu:

Dada ngoja kidogo. Mpare, Magugu ule unaonukia wenyewe au ule wa kuchanganya? Maana nimeubeba miaka kumi na mbili na wa kweli nauona gunia kwa gunia.

Nuru wa Makambako:

Wa kuchanganya ndio mnauza Dar nyote. Wa Kyela ukifungua mfuko jirani anabisha hodi.

Fundi Kisauti:

Inategemea na maji.