Afisa mmoja alinipungia mkono nipite, mwenzake akanikamata kwa kupita taa nyekundu: sheria inasemaje kuhusu baiskeli?

Msafiri wa Umoja

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba msaada wa mtu anayeifahamu vyema sheria ya trafiki, kwa sababu jambo lililonipata Jumanne asubuhi limeniacha bila baiskeli na bila kuelewa kosa langu ni lipi hasa.

Mimi hufanya kazi Industrial Area, Nairobi. Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikitoka Umoja saa kumi na mbili kasorobo, nikifuata Outer Ring hadi Donholm, kisha Jogoo Road, mpaka nikate kuingia Barabara ya Likoni. Siku hiyo nilifika kwenye makutano fulani nikakuta taa ni nyekundu, lakini katikati ya barabara alikuwa amesimama afisa wa trafiki mwenye sare, akiyazuia magari ya upande wa pili kwa mkono wa kushoto na kuuita upande wetu kwa mkono wa kulia. Matatu mbili zilizokuwa mbele yangu zikapita, lori likapita, nami nikapita nyuma ya lori. Sikuwa nimeenda hata mita hamsini nilipozuiwa na afisa wa pili, aliyeushika usukani wangu na kuniambia kwamba nimevunja taa. Nilipomweleza kuwa mwenzake ndiye aliyetuita, alisema ishara ile ilikuwa ya magari na baiskeli si gari. Akaongeza kwamba sina helmeti wala jaketi ya kuakisi mwanga, na kwamba mahali pa baiskeli ni kando, pamoja na watembea kwa miguu.

Alitaka shilingi 2,000. Mimi nilikuwa na 150 za chakula cha mchana. Akainama, akaifungua nati ya valvu ya gurudumu la nyuma, akaichomoa, upepo wote ukatoka kwa mkupuo mmoja, kisha baiskeli ikapakiwa kwenye gari lao ikapelekwa kituoni. Sikupewa karatasi yoyote, ila niliambiwa nirudi nikiwa na pesa. Je, nilikosea kuifuata ishara ya mkono? Na wana haki ya kukaa na baiskeli yangu namna hii?

Wakili wa Kariokor

Pole sana, ndugu. Nianze na dai kwamba baiskeli si gari, kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haikomei kwenye gari lenye injini. Inazungumzia chombo kinachotumiwa barabarani, na kwa mujibu wake dereva ni mtu yeyote anayekiendesha au kukiongoza chombo hicho, au hata anayemwongoza mnyama. Mwenye mkokoteni wa punda ni dereva, nawe ni dereva. Ndiyo maana taa nyekundu inakuhusu, na kwa sababu hiyo hiyo ishara ya afisa mwenye sare inakuhusu pia, na ishara hiyo hutangulia taa. Afisa hawezi kukuhesabu kuwa dereva anapokushtaki kwa taa, halafu akakuondoa katika hesabu hiyo inapofika zamu ya mkono wa mwenzake.

Sharti la helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga liliwekewa pikipiki, yaani mwendeshaji na abiria wake. Kwa baiskeli hayo ni mambo ya busara, na ninakusihi uyazingatie, lakini kutokuwa nayo si kosa la kukufikisha kituoni. Ama kuhusu kufukuzwa barabarani, barabara iliyokatazwa baiskeli, pikipiki na watembea kwa miguu ni Nairobi Expressway, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Jogoo Road haimo katika katazo hilo.

Nenda kituoni na mtu mmoja mzima, ukaulize kwa upole kama baiskeli imeandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, na kwa kosa gani. Polisi wanaweza kushikilia chombo kama kielelezo cha kesi, lakini kielelezo kisichoandikwa popote ni kielelezo cha kesi gani? Wakikukamata, Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka uelezwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia siku ambayo mahakama haikai. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Dhamana ya polisi hailipiwi. Ukitakiwa kuacha pesa taslimu, usiondoke bila risiti.

Mstaafu wa Barabarani

Nilisimama katika mizunguko ya jiji hili kwa miaka kumi na tisa nikiwa na sare hiyo. Nakubaliana na Wakili kuhusu ishara ya mkono. Anayeita magari huwa hatazamani na anayekamata upande wa pili, na mara nyingi hawajapatana lolote kabla ya kuanza zamu. Kwa hiyo mwananchi huadhibiwa kwa kumtii mmoja wao. Hilo ni kosa letu, na lilikuwepo hata wakati wangu.

Hata hivyo, kijana wangu, nakuuliza jambo ambalo afisa yule hakukuuliza. Saa kumi na mbili kasorobo Nairobi bado ni giza. Ulikuwa na taa? Baiskeli inatakiwa kuwa na breki inayoshika, kengele, na usiku taa mbele na nyekundu nyuma. Nimewahi kumwinua mtu kwenye lami saa kumi na moja alfajiri, baiskeli yake ikiwa imeingia chini ya lori ambalo dereva wake aliapa, nami nikamwamini, kwamba hakuona chochote. Kengele ya baiskeli ile ilikuwa ikilia kidogo kila tulipoivuta. Sisemi haya ili kumtetea aliyekuomba pesa, maana yule hakuwa akilinda maisha yako. Angekuwa anayalinda angekuuliza taa iko wapi.

Mwendeshaji wa Kawangware

Naomba kuligusa lile la kuambiwa uende kando. Mimi hupita Ngong Road kila siku, ambako njia ya baiskeli ipo, imejengwa vizuri, na siwezi kuitumia kwa mita mia mbili mfululizo. Pale penye steji kuna bodaboda zimepangwa kwa mstari, mbele yake kuna gari limeegeshwa magurudumu mawili yakiwa juu ya ukingo, kisha meza ya mahindi, kisha shimo ambalo mfuniko wake uliibwa. Nikishuka barabarani, matatu inanipigia honi nirudi kwenye njia yangu. Nikirudi, mama mwenye mtoto mgongoni ananiangalia kama mtu niliyekuja kumkanyaga, naye ana haki, kwa sababu njia yake pia imeliwa.

Sheria ya Trafiki ilirekebishwa mwaka 2012 ili kuendesha chombo kwenye njia ya watembea kwa miguu kuwe kosa mahususi. Kwa hiyo afisa anayemwamuru mwenye baiskeli aende kwa watembea kwa miguu anaweza kuwa anamwamuru atende kosa. Nayo Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya watembea kwa miguu na baiskeli. Ninachotaka kuona ni afisa mmoja tu, asubuhi moja tu, akiwaondoa wanaoziba njia hizo. Tangu nianze kuendesha sijamwona.

Fundi wa Burma

Ndugu zangu, haya yote ni kweli, lakini mtu ana kibarua cha kuwahi. Angempa hata 500 angekuwa kazini saa moja. Hapa kibandani huja wateja ambao baiskeli zao zimekaa kituoni hadi tairi zikapasuka kwa jua.

Wakili wa Kariokor

Fundi, naielewa shida hiyo wala siibezi. Lakini Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika mtoaji sawasawa na mpokeaji, na mtu wa kibarua ndiye asiye na wa kumtetea. Tena anayepita hapo kila siku akilipa mara moja, uso wake unajulikana.

Msafiri wa Umoja

Nawashukuru nyote. Mzee Mstaafu, jibu langu ni kwamba sikuwa na taa. Nilikuwa na kiakisi kidogo chekundu chini ya keria, kimepasuka tangu mwaka jana. Jana nimenunua taa mbili, ya mbele na ya nyuma, na leo nimezifunga.

Nilienda kituoni leo na kaka yangu mkubwa. Tulipouliza nambari ya OB, afisa wa zamu alifungua kitabu, akapitisha kidole ukurasa wa Jumanne mara mbili, akasema hakuna baiskeli iliyoandikwa. Akatuuliza ni ipi. Tulimwonyesha, ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya jengo, kengele imeng'olewa na valvu haipo. Alisema tuichukue. Alikuwa mtu mwenye heshima, na hakuomba chochote. Niliisukuma hadi kwa fundi Makadara.

Swali langu la mwisho ni hili: nataka kuwasilisha malalamiko IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, lakini afisa aliyenikamata alikuwa amevaa jaketi ya kuakisi juu ya sare, na jina lake halikuonekana. Je, malalamiko bila jina yanapokelewa?

Wakili wa Kariokor

Peleka hivyo hivyo. Andika tarehe, saa, makutano yenyewe, upande uliotoka, na nambari ya gari lililobeba baiskeli kama kuna aliyeiona. Mamlaka ina uwezo wa kudai orodha ya waliokuwa zamu mahali hapo. Taja pia lile jina lililofunikwa, kwa sababu Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka afisa mwenye sare aonyeshe jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana, na jaketi si udhuru. Mwombe kaka yako naye aandike kwa mkono wake alichokiona kwenye ule ukurasa wa Jumanne, leo hii kabla hajasahau.

Mstaafu wa Barabarani

Na valvu utakayonunua ichunguze mpira wake kabla ya kulipa. Wengi huuziwa iliyokauka, upepo ukaisha kabla hawajafika Donholm.