Mtoto ameniuliza: kama ni Yehova-yire, karo yangu iko wapi?

Mwalimu_Kisauni:
Bwana asifiwe, wapendwa. Nafundisha shule ya Jumapili huku Kisauni, na sasa tunasoma majina ya Mungu. Watoto wanayajua tayari: Yehova-yire wameliona nyuma ya matatu, Yehova-nisi kwenye tuktuk, El Shadai juu ya mlango wa duka. Nilipoeleza kwamba Yehova-yire ndiye atupaye mahitaji yetu, mvulana mmoja akainua mkono: "Mbona mimi nimerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo?" Babake ni kibarua bandarini, leo kazi ipo, kesho haipo. Wenzake wakamwambia anakufuru. Hilo nililikataa palepale, ila nataka kumpa jibu lenye uzito. Nisaidieni kabla ya Jumapili.

Babu_Rabai:
Mwanangu, mtoto huyo hajakufuru. Fungua Mwanzo 22. Ibrahimu anapaita mahali pale Yehova-yire kwenye aya ya 14, lakini aya ya 7 kuna mtoto aliyetangulia kuuliza. Isaka amebeba kuni za sadaka, moto anauona, anamuuliza babake mwanakondoo yuko wapi. Mzee hakumkaripia. Alimjibu kwamba Mungu atajipatia mwanakondoo, na saa hiyo hapakuwa na kondoo wa kuonyesha! Mpaka kisu kiko mkononi ndipo akamwona kondoo dume amenaswa pembe kichakani. Sisi tumelichukua jina, ile njia ya siku tatu waliyoitembea hadi hapo tumeiacha. Huniuma sana nikisikia mtu analipigia kelele jina hilo kwa sababu anataka gari.

Dada_Kengeleni:
Shikamoo Babu. Mwalimu, wasomee na Hajiri, Mwanzo 16. Mjakazi, tena mjamzito, amekimbia mateso ya bibi yake, yuko jangwani kwenye chemchemi. Ndiye aliyemwita Mungu kuwa ni Mungu amwonaye. Na hapo alikuwa ameshaambiwa arudi kwa bibi yuleyule. Shida haikuisha siku hiyo. Kwetu Frere Town palianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa utumwani, na kengele yao iko hadi leo hapa Kengeleni. Walete watoto waisome sura hiyo hapa.

Fundi_Changamwe:
Mimi kwenye mkesha huyataja majina haya kwa sauti, na sioni ubaya, msiwazime watoto. Lakini Kutoka 20:7 inakataza kulitaja bure jina la Bwana. Kanisa likiimba Yehova-yire na mtoto wake amekaa nyumbani kwa kukosa karo, kwangu mimi huko ndiko kulitaja bure. Mwalimu, anadaiwa kiasi gani?

Mwalimu_Kisauni:
Babu, Mungu akuzidishie. Jumapili naanza na swali la Isaka, na kijana akikubali, aya ya 7 ataisoma yeye mwenyewe. Kengeleni tutakuja, dada. Ndugu Fundi, deni lenyewe sijalijua. Nitamuuliza babake faraghani akitoka kazini, asije akaaibika, kisha nikuandikie inboksi.