Mtoto wa miezi minne na nusu: nimuanzishie uji au nisubiri?

UmmLangoni
Assalam aleikum mama zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Kijana wangu ana miezi minne na nusu, ananyonya tu. Tangu joto la kaskazi lishike, usiku anaamka ovyo, na tukikaa kula anaukodolea macho mkono wangu mpaka ufike mdomoni. Mavyaa asema maziwa yangu mepesi, ataka tumpe uji wa mchele na maji ya kijiko kwa sababu ya joto. Amelea saba, wote wazima, sitaki kumvunjia heshima. Lakini kliniki walisema miezi sita. Nishike lipi?

MamaZuu_Malindi
Waaleikum salaam dadangu. Subiri. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Malindi, na swali hili naulizwa karibu kila nyumba.

Kuamka usiku si njaa peke yake. Umri huo usingizi hubadilika. Kukodolea macho chakula ni udadisi. Tazama nepi: zikilowa sita au zaidi kwa siku na mstari wa uzito kwenye kitabu cha kliniki unapanda, maziwa yanatosha. Maji pia asipewe, hata jua liwake vipi. Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji, basi mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Maji ya kisima ndiyo yanayowaletea watoto kuhara.

Akiwa tayari utamwona: shingo imekaza, anakaa ukimwegemeza kidogo, na ulimi hausukumi kijiko nje. Kwa wengi hayo hukutana karibu na miezi sita. Akizaliwa njiti, zungumza na muuguzi kwanza.

Na ikifika sita usipitishe. Madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa yamepungua, na maziwa peke yake hayawezi kuyajaza. Hapa ndipo ninapoumia: watu wanagombania mwezi, halafu mtoto anapewa uji mwepesi kama maji ya mchele. Tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Uji uwe mzito, ukae kwenye kijiko bila kumwagika. Ponda boga au kiazi kitamu, tia tui kidogo. Changu mchemshe, mchambue miiba kwa vidole, umponde laini. Ini, kiini cha yai, ndengu, vyote ruhusa. Chumvi na sukari acha. Anza na vijiko viwili vitatu, mara mbili kwa siku, na ziwa liendelee mpaka miaka miwili au zaidi.

BintiMatondoni
Wangu alianza miezi mitano na hakudhurika.

MamaZuu_Malindi
Alhamdulillah. Wako waliopita salama, lakini waliolazwa kwa kuhara nimewaona pia, ndiyo sababu sitampa mtu ushauri huo.

UmmLangoni
Shukran sana. Na asali? Mavyaa ataka kumlambisha akohoapo.

MamaZuu_Malindi
La, mpaka atimize mwaka. Asali yaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hadi pumzi. Kikohozi kipeleke kliniki. Mavyaa nenda naye siku ya mizani, amsikie muuguzi mwenyewe, na umuombe boga la kwanza alipike yeye. Vitamini A ya miezi sita mtoto ataipata hapo hapo kliniki, usiikose.