Jaji shoga akikaa Mahakama Kuu, hukumu inabadilika?

Mwana wa Ujiji: Wakuu, jana kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, nusura watu washikane mashati. Jamaa alileta habari za Edwin Cameron wa Afrika Kusini, jaji aliyesema wazi kwamba ni shoga, na bado akakaa Mahakama ya Katiba kuanzia 2009. Swali langu dogo tu: kesi yako ya shamba iko mbele ya mtu kama huyo. Utaikubali hukumu?

Mkokoteni: Siikubali. Hapa kwetu mambo hayo, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ni miaka 30 mpaka maisha. Huyo wa kizimbani, kitini anafikaje?

Binti Kasulu: Kaka, kaulizia ya Afrika Kusini. Katiba yao ya 1996 imekataza kwa maandishi kumbagua mtu kwa ushoga wake.

Mkokoteni: Si ndiye yule aliyekufa kwa Ukimwi?

Binti Kasulu: Kafa wapi? Alitangaza mwenyewe 1999 kwamba ana virusi, tena mbele ya tume iliyokuwa inamhoji kwa ujaji. Akatumia dawa, akafanya kazi mpaka akastaafu 2019.

Mnyamwezi wa Cheyo: Watu wa mwisho wa reli na habari za majaji wapi na wapi? Si juzi tu kesi zenu zilikuwa zinakuja huku Tabora, mnashuka na vikapu vya dagaa, behewa zima linanuka?

Mwana wa Ujiji: Haya, mada imeshakufa.

Bibi wa Kibirizi: Wewe mtoto wa Cheyo, dagaa hao mlikuwa mnawanunua. Mimi treni hiyo nimeipanda na marehemu mume wangu, rufaa ya kiwanja. Tulilala stesheni juu ya kanga, yeye kakumbatia bahasha ya kaki yenye hati, hata chooni anaenda nayo. Asubuhi tunaambiwa wakili wa upande wa pili anaumwa, tarehe nyingine. Nauli ya kurudi tuliipata kwa dagaa haohao, sokoni kwenu. Usinichekee.

Mnyamwezi wa Cheyo: Shikamoo bibi. Nilikuwa natania.

Bibi wa Kibirizi: Marahaba. Tania wa rika lako.

Fundi Saa: Turudi kwenye hoja. Huyo Cameron, 2004, akiwa Mahakama ya Rufaa ya kwao, ndiye aliyeandika hukumu ya ndoa za jinsia moja, kesi ya Fourie. Ngoma apige yeye, acheze yeye. Haki hapo iko wapi?

Binti Kasulu: Na jaji mwenye wake wawili akiletewa mirathi ya mitala, ajitoe? Halafu ilipopanda Mahakama ya Katiba 2005, hukumu kaiandika Albie Sachs, ana mke wake. Mbona humsemi? Na 2011 Cameron huyohuyo, pamoja na jaji mwenzake Moseneke, waliandika kwamba chombo cha kupambana na rushwa lazima kiwe huru, serikali isikitie mkono. Ushoga umeingia wapi hapo?

Fundi Saa: Dada, wake wawili ni halali! Unatufananisha na nani? Mimi ninao wawili na kazi yangu haijawahi kuyumba hata siku moja.

Mkokoteni: Kumbeee! Ndiyo maana saa yangu ina miezi mitatu kwako.

Fundi Saa: Saa yako ni ya plastiki ndugu yangu, niliogopa kukwambia.

Mwana wa Ujiji: Jamani, niliuliza shamba. Bibi, wewe uliyelala stesheni na hati zako: angekuwa jaji huyo, ungemkataa?

Bibi wa Kibirizi: Mwanangu, sisi siku ile jaji hata hatukumwona. Angetokea yeyote akasikiliza, nisingemuuliza analala na nani.

Mkokoteni: Bibi naye! Mimi bado simtaki.

Mnyamwezi wa Cheyo: Bibi, eti debe la dagaa siku hizi bei gani?

Bibi wa Kibirizi: Kwa wengine tutaelewana. Kwako imepanda.