Droni imepinduka angani, RCOU inaonyesha C4 imeshuka ghafla: mota namba 4 imekufa?

MpimaRamani:
Wakuu habari. Naomba mnisaidie kusoma logi. Droni ni ya mota nne umbo la X, propela inchi 15, betri 6S (seli sita), inaendeshwa na programu ya ArduCopter, kazi yake picha za ramani. Dakika ya sita ikiwa kwenye Auto (inajiongoza yenyewe), upepo mdogo, ililalia mbele kushoto, ikazunguka kwa mwelekeo wa saa na kuanguka. Nimefungua faili la .bin kwenye Mission Planner:

Kwenye rekodi ya RCOU, C1 hadi C4 ni moja kwa kila mota. Kabla ya tukio C1, C2 na C4 zinacheza kati ya 1500 na 1530. C3 ilianza 1540, ikapanda taratibu mpaka 1630. Sekunde ya tukio C3 ni 1950 na C4 ni 1150. BAT.Volt haikutikisika, iko 22.6. Waya wa taarifa za ESC (kifaa kinachoendesha mota) haujaunganishwa, kwa hiyo sina RPM (mizunguko kwa dakika).

Kwa kuwa C4 ndiyo iliyoporomoka, nataka kuagiza mota namba 4. Niko sahihi?

FundiAnga:
Mkuu, usiagize hiyo mota. RCOU haipimi mota inafanya nini. Ni amri inayotoka kwenye kompyuta ya droni kwenda kwa ESC, basi. C4 haikuporomoka, imeshushwa kwa makusudi.

Kwenye umbo la X, mota 3 iko mbele kushoto na mota 4 nyuma kulia, yaani zinatazamana kwa mshazari. Mota 3 ikipoteza nguvu, kona ya mbele kushoto inazama. Kompyuta inataka kuinyanyua, kwa hiyo inaamuru 3 ijitahidi mpaka mwisho, na 4 ipunguze ili kona yake ishuke. Angalia hizo namba zako: kama MOT_SPIN_MAX (kikomo cha juu cha amri) ni 0.95 na MOT_SPIN_MIN (cha chini) ni 0.15, basi 1950 ndiyo dari na 1150 ndiyo sakafu. Kompyuta ilitoa kila ilichokuwa nacho na droni bado ikaendelea kulala. Iliyogonga dari bila kuitikia ndiyo mgonjwa.

Kule kuzunguka nako kunathibitisha. Mota 1 na 2 huzunguka kinyume cha saa, 3 na 4 kwa mwelekeo wa saa. Tatu ikifa na nne ikishushwa, zinabaki 1 na 2 peke yake, na mwili wa droni unasukumwa upande ulio kinyume na propela zao. Ndiyo hicho ulichokiona.

Kwa uhakika zaidi chora ATT.DesRoll (mlalo wa kushoto-kulia ulioamriwa) na ATT.Roll (ulio halisi) pamoja, kisha DesPitch na Pitch (mlalo wa mbele-nyuma), halafu kuza grafu mpaka sekunde moja ijae kioo. Kama Des imebaki karibu na sifuri na ile halisi ikakimbia kwenda hasi kwenye roll na pitch zote mbili, ni hitilafu ya chombo. Kama Des ndiyo iliyotangulia na halisi ikaifuata, hapo droni ilitii amri, na chanzo utakitafuta kwenye GPS, dira au mkono wa rubani.

Usisubiri ujumbe wa "Potential Thrust Loss" (onyo la kupungukiwa msukumo) kwenye droni ya mota nne. Mara nyingi inapinduka kabla masharti ya ujumbe huo hayajatimia.

Sita_S:
Naongezea mambo mawili kabla hujafungua skrubu hata moja.

Kwanza hakikisha C3 ni mota 3 kweli. Kigezo cha SERVO3_FUNCTION (kazi ya tundu la 3) kinatakiwa kiwe 35 (33 ni mota 1, 34 mota 2, 36 mota 4). Pili, ukurasa wa Motor Test (wa kujaribu mota moja moja) haufuati namba za mota. Herufi zinaanzia mbele kulia na kuzunguka kwa mwelekeo wa saa: A ni mota 1, B ni mota 4, C ni mota 2, D ni mota 3. Ukibonyeza C ukidhani ni mota 3, utafungua mkono mzima wa nyuma kushoto bure. Na propela ziwe zimetolewa zote.

Kilichonivutia mimi ni ule mpando wa 1540 kwenda 1630. Kama uzito ungekuwa umeelemea mbele, C1 nayo ingepanda pamoja na C3. Kama mkono umepinda, jozi moja ya mshazari ingepanda na nyingine kushuka. Betri ikichoka zinapanda zote nne huku volti zikianguka. Hapa imepanda C3 pekee, polepole, kwa dakika kadhaa. Hiyo ni harufu ya kitu kinachopata moto: kiungo cha waya au beringi. Chora VIBE (kipimo cha mtikisiko) uone. Chini ya 30 ni salama, juu ya 60 ni tatizo. Kama VIBE nayo ilikuwa inapanda sambamba na C3, anza na beringi au propela yenye ufa. Kama imetulia, anza na waya.

FundiAnga:
Sahihi kabisa. Mezani fanya hivi. Kagua kwanza kama propela namba 3 imeteleza kwenye kifungio chake. Kisha shika kengele ya mota (ganda la nje linalozunguka) uivute juu na chini, ukisikia inacheza, beringi imekwisha.

Halafu tenganisha nyaya tatu za mota na ESC. Igeuze kwa mkono nyaya zikiwa zimeachana: ikikaza sana kuliko mota nyingine, koili zimegusana ndani. Sasa gusisha nyaya mbili mbili huku ukiizungusha. Jozi zote tatu zinatakiwa zikaze sawasawa. Multimita ya kawaida haikusaidii kati ya waya na waya, ukinzani wake ni sehemu ndogo tu ya omu moja. Itumie kupima waya dhidi ya chuma cha mota, pale pasiwe na mawasiliano kabisa.

MpimaRamani:
Asanteni sana. SERVO3_FUNCTION ni 35. Des zote mbili ziko karibu na sifuri, halisi zimekimbia hasi. VIBE haikuvuka 18 mpaka tukio. Propela na beringi safi. Jozi ya waya wa kwanza na wa pili inakaza, lakini kila jozi yenye waya wa tatu inazunguka kama hakuna kitu. Waya huo uliwahi kufupishwa na kuunganishwa kwa risasi ya kulehemu.

Sita_S:
Basi umeupata. Waya wa mota nyingi ni nyuzi zilezile za koili zilizotoka nje, na kila uzi una vanishi isiyopitisha umeme. Ukiukata na kuuchoma risasi bila kukwangua vanishi, zinashika nyuzi chache tu, na hizo chache zinabeba ampia zote mpaka kiungo kinaachia. Kata sehemu iliyoungua, kwangua kila uzi mpaka shaba ing'ae, upake risasi mpaka ipenye katikati ya nyuzi, ndipo uunge.

ESC ya namba 3 usiiamini bado, imeendesha mota kwa nyaya mbili. Ijaribu na mota nyingine bila propela. Ikiguguma au ikipata moto, badilisha.

Ukishatengeneza, unganisha waya wa taarifa za ESC: SERIALx_PROTOCOL (x ni namba ya tundu ulilochomeka waya) iwe 16, na SERVO_BLH_POLES iwe idadi ya sumaku za mota yako. Thamani ya kuanzia ni 14. Mota yako ikiwa na sumaku 28 na ukaacha 14, RPM itasomeka mara mbili. Kwenye logi ESC huhesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo mota 3 ni ESC[2]. Propela ikiteleza, RPM inaruka juu huku ampia zikishuka. Kiungo kikiachia, RPM inaanguka wakati C3 iko darini.

Elea dakika mbili mita chache juu ya ardhi, tua, gusa mota zote nne, kisha fungua logi uone kama C3 bado inapanda peke yake.